Kibibi na Nadhiri ya Mzee Kiboko

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakifunga milango kwa komeo na kuazimana chumvi kama tufanyavyo sisi, alikuwapo nguchiro mmoja jina lake Kibibi. Nguchiro mnamjua: mkia mrefu, miguu mifupi, macho hayatulii. Kibibi alikuwa mdogo hata kwa nguchiro wenzake. Ungemtia ndani ya kata ya maji, angebaki na nafasi ya kujinyoosha.

Lakini baba yake alikuwa kiboko.

Msicheke, ngojeni niwaeleze. Mwaka mmoja mto ulifurika, ukabomoa mashimo yote ya ukingoni na kuzoa kila kilichokuwamo. Mzee Mshindo, kiboko mkubwa wa upande ule, alikuwa ametoa kichwa nje ya maji akiyatazama maafa hayo. Mara akaona kibuyu kinaelea, na ndani ya kibuyu kitoto cha nguchiro kinalia nyii, nyii, nyii. Mzee akakikinga kibuyu kwa pua yake. Kile kitoto kikatambaa kikatoka, kikapanda puani, kikapita katikati ya macho, kikaingia ndani ya sikio la mzee na kulala humo humo.

"Haya," akasema Mzee Mshindo. "Nimeshapata mtoto."

Akamlea. Alimtafunia muhogo mpaka akaota meno. Alimfundisha kuogelea, kuhesabu nyota na kusalimia wakubwa. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na Mzee Mshindo aliifanya kazi hiyo huku anaimba. Naye Kibibi alipopata nguvu akaanza kumlea mzee. Alimtoa kupe masikioni, alimpikia uji wa mtama, alimpalilia konde lake la miwa, na mchana alimkuna pale katikati ya mgongo ambapo kiboko hawezi kujifikia.

Mtaniuliza, kwani mzee hakuwa na watoto wengine? Alikuwa nao, tena wakubwa na wenye nguvu. Wa kwanza ni Mtutu, kiboko, mtoto wa kumzaa mwenyewe. Wa pili ni Kidari, nyati, mtoto wa kambo, aliyekuja na mama yake mzee alipooa mara ya pili. Wa tatu ni Gunda, kifaru, ambaye watu walisema ni mtoto wa mzee wa nje ya ndoa. Wote watatu walikuwa wameondoka zamani, kabla Kibibi hajaokotwa, wakafuata majani marefu nchi za mbali. Hawakurudi hata kwa salamu.

Majirani walimsihi Mzee Mshindo aseme wasia wake. Yeye alikuwa akiwajibu, "Tutasema kesho. Leo miwa ni mitamu mno." Basi siku moja akafa usingizini, ameshiba, na wasia wake ukabaki mdomoni.

Siku ya kuanua matanga, Kibibi alikuwa anafagia uwanja. Ardhi ikaanza kutikisika. Gubu, gubu, gubu.

"Hodi wenyewe," ikasema sauti nzito. Alikuwa Mtutu. Hakungoja kukaribishwa, akaingia, na fremu ya mlango ikaingia pamoja naye. Nyuma yake Kidari akapitisha pembe zake kwa ubavu. Wa mwisho akawa Gunda, ambaye macho yake hayaoni mbali. Akaupiga mtungi wa maji teke, ukapasuka pwaa.

"Poleni kwa safari, kaka zangu," akasema Kibibi. "Karibuni uji."

"Uji baadaye," akasema Mtutu. "Wasia uko wapi?"

"Mzee hakuacha wasia."

Watatu wakatazamana, nyuso zikawang'aa.

"Basi mambo ni mepesi," akasema Mtutu. "Mimi nachukua konde la miwa."

"Mimi chemchemi, pamoja na dimbwi la tope," akasema Kidari.

"Na mimi nyumba, ndugu yangu," akasema Gunda. Alikuwa anauambia ukuta, maana alidhani ndiye Mtutu.

"Na mimi?" akauliza Kibibi.

Mtutu akainamisha kichwa chake kikubwa amwone vizuri. "Kwani wewe ni nani?"

"Mimi Kibibi. Mtoto wa mzee."

Wakacheka, ho ho ho, mpaka vumbi la dari likawaangukia migongoni.

"Wewe ni wa kuokota," akasema Kidari. "Mzazi wako ni kile kibuyu. Kichukue, uende nacho. Jua likizama tusikukute hapa."

Kibibi akasimama na ufagio wake mkononi. Kukosa nyumba ni jambo kubwa, wanangu, na alijua hana pengine pa kwenda. Lakini lililomchoma zaidi lilikuwa lile neno la kuokota. Siku zote za maisha yake alikuwa akimwita yule mzee baba, na leo wanakuja watu wasiojua hata kaburi lake liko upande gani, wanamwambia hakuwa baba yake. Akajikaza asilie mbele yao.

"Twendeni barazani," akasema. "Hakimu akisema niondoke, nitaondoka."

Hakimu wa nchi ile alikuwa Korongo. Asubuhi alisimama kwa mguu wa kulia na mchana kwa mguu wa kushoto, na hakuna aliyethubutu kumwuliza sababu. Wanyama wakajaa barazani, maana hakuna kitu kinachowavuta watu kama ugomvi wa mirathi ya wengine.

"Pasipo wasia," akasema Hakimu Korongo, "mali ya marehemu ni ya watoto wake. Hiyo ndiyo ada yetu. Sasa kila mmoja asimame atueleze yeye ni mtoto kwa njia gani."

Mtutu akasimama kwanza. "Bwana Hakimu, mimi ni wa kumzaa. Damu nzito kuliko maji. Tazama mdomo huu, tazama masikio haya."

"Mdomo nauona," akasema Korongo. "Lakini siku ile ulipovunja ghala ukala akiba yote ya njaa, nilimsikia mzee mwenyewe akikwambia, 'Wewe si mwanangu tena.'"

"Ah, yale yalikuwa maneno ya hasira. Mzazi hukukana asubuhi, na jioni akakuita ule. Damu haikaniki."

Watu wakakubali kwamba damu haikaniki.

Kidari akasimama. "Mimi ni wa kambo, sifichi. Lakini mzee alimwoa mama yangu akijua ninamfuata. Wahenga walisema, ukipenda boga, penda na ua lake. Mama yangu ndiye boga. Mimi ndimi ua."

Baraza likalitazama lile ua lenye pembe na shingo nene.

Gunda akasimama, akaupa mti heshima zote akidhani ni hakimu. Wakamgeuza.

"Mama yangu hakuolewa na mzee," akasema. "Lakini mzazi hafichiki. Utazameni mwili huu. Yatazameni makalio haya. Ni ya nani, kama si ya Mzee Mshindo?" Akageuka ili wayaone vizuri, na waliokaa mbele wakasogea nyuma.

"Yanafanana," akakiri Korongo. "Na wewe, Kibibi?"

Kibibi akapanda juu ya kinu ili aonekane. "Bwana Hakimu, mimi sikuzaliwa naye na mama yangu hakuolewa naye. Mdomo wangu haufanani na wake. Alinilea tu, nami nikampikia, nikampalilia, nikamkuna mgongo."

"Hata mtumishi hupika," akadakia Kidari.

Korongo aliona haya kusema, lakini akasema. "Kibibi, ada inataja watoto. Wa kulea haikumtaja. Twendeni tukale kwanza. Alasiri nitatoa hukumu."

Kibibi hakwenda kula. Alikuwa na kazi ambayo haikuwahi kumpita hata siku moja. Alichukua chungu kidogo cha uji laini na kitambaa safi, akashuka mtoni kwenye kona ambako watu hawapiti, huku machozi yanamdondoka, tone kwa tone, kwenye kifuniko cha chungu.

Pale alikaa Mzee Mamba. Mamba huyu alikuwa mrefu kuliko mtumbwi, na zamani jina lake tu liliwafanya watu wachote maji mto mwingine. Mwaka mmoja wa kiangazi kikali Mzee Mshindo alinasa kwenye tope, akazama mpaka shingoni. Ni Mamba huyu aliyemvuta kwa mkia kutwa nzima mpaka akamtoa. Siku hiyo Mzee Mshindo aliweka nadhiri mbele ya watu: yeye, na kila mtoto wake, watamsafisha Mamba kinywa kila asubuhi, hata yeye mwenyewe akifa. Akaishika nadhiri yake, na Kibibi alipokua akawa anakwenda naye.

Lakini miaka haina huruma na mtu. Meno ya Mamba yakaanza kung'oka, leo moja, mwezi ujao jingine, mpaka yakaisha. Sasa alibaki na jina tu. Kinywa chake kilikuwa ufizi mtupu, laini kama ulimi wa ndama, na chakula chake kilikuwa uji.

"Leo umechelewa, mjukuu wangu," akasema Mzee Mamba, akafungua kinywa. Aaaa. Kibibi akaingia na kitambaa chake, akaanza kufuta ufizi huku anamsimulia yote.

"Hivyo watakufukuza?" akauliza Mamba, maneno yakitoka kwa shida kwa sababu Kibibi alikuwa amesimama juu ya ulimi. "Basi nani atakuja kunisafisha?"

"Watoto wa mzee, babu. Nadhiri ya mzazi huwaangukia watoto, na watoto ni wao..." Kitambaa kikasimama. "Babu, wale kaka zangu wanakujua?"

"Walinijua wakiwa wadogo. Nikipiga chafya tu, wanajikojolea. Wakati huo nilikuwa na meno."

"Na tangu wakati huo?"

"Sijawaona tena."

Kibibi akaanza kucheka. Akacheka mle mle kinywani, akagaagaa juu ya ulimi mpaka Mzee Mamba akapaliwa. Akatoka nje anajifuta machozi, na haya yalikuwa machozi mengine.

"Babu, alasiri njoo pale mtoni chini ya baraza. Usifungue kinywa mpaka nikuambie."

Alasiri ilipofika, Hakimu Korongo alibadili mguu, akasafisha koo atoe hukumu. Kibibi akapanda tena juu ya kinu.

"Bwana Hakimu, kabla hujasema, nina jambo la kukabidhi. Kama kaka zangu ndio watoto, basi ni haki yao kukabidhiwa kazi ya watoto. Mzee aliacha nadhiri."

"Nadhiri gani?" akauliza Mtutu.

"Kila mtoto wake amsafishe Mzee Mamba kinywa, kila asubuhi."

Baraza zima likamgeukia hakimu.

"Ni kweli," akasema Korongo. "Ilitolewa mbele yangu, nami nilikuwa nimeisahau. Nadhiri ni deni. Asiyeilipa, mali ya mzazi haimkalii." Kisha akakohoa, akatazama pembeni. Yeye alikuwa anakaa mtoni, na alimjua Mamba vizuri.

Mtutu akauliza, "Mamba... yule yule wa zamani?"

"Yule yule, kaka. Mzima kabisa. Anatamani sana kuwaona."

"Na mswaki wake ni mrefu kiasi gani?"

"Hatutumii mswaki. Unaingia mwenyewe."

"Unaingia wapi?"

"Kinywani. Kwanza kichwa, halafu mabega. Mimi huingia mzima mpaka mkia. Wewe kwa ukubwa wako, kichwa kitatosha."

Kidari akarudi nyuma hatua moja. "Na yeye hukaa na kinywa wazi muda wote?"

"Hujitahidi. Ila ni mzee sasa, taya likichoka huteremka."

"Likiteremka inakuwaje?"

"Giza linaingia," akasema Kibibi.

Gunda alikuwa anatetemeka mpaka ngozi yake inalia kwacha kwacha. "Anakuwa ameshiba, bila shaka?"

"Asubuhi? Hapana, kaka. Asubuhi huwa na njaa sana."

Wanangu, katika maneno hayo yote hakuna hata moja la uongo. Mtanishuhudia.

Papo hapo maji yakafanya bluk, bluk, na tundu mbili za pua zikatokea, kisha macho, kisha ule mgongo mrefu kuliko mtumbwi. Mzee Mamba akatambaa mpaka ukingoni, kinywa kimefumbwa, akasema kwa kubana midomo, "Ndio hao watoto wa rafiki yangu? Ee, wamekua. Wamenenepa."

Basi hapo ndipo lugha ilipogeuka.

"Bwana Hakimu," akasema Gunda kwa haraka, "umewahi kumwona kiboko mwenye pembe puani? Mimi ni kifaru, mtoto wa kifaru. Haya makalio ni ya upande wa mama."

"Unasema mbele ya baraza kwamba wewe si mtoto wa Mzee Mshindo?"

"Nasema. Simjui."

"Kidari?"

"Mimi ni wa kambo tu, Bwana Hakimu. Kambo ni kambo. Ua gani hilo? Mama yangu alikuwa boga, mimi nilikuwa jani lililomnasa mguuni njiani."

"Mtutu. Wewe ni wa damu."

Mtutu akamtazama Mamba, akayatazama maji. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Bwana Hakimu, si ulimsikia mwenyewe? Alinikana. Alisema, 'Wewe si mwanangu tena.' Mzee wangu hakuwa mtu wa kusema ovyo. Kama alisema mimi si mwanawe, ni nani mimi nimpinge?"

"Yalikuwa maneno ya hasira, ulituambia."

"Hasira ndiyo husema kweli," akasema Mtutu, na akajificha nyuma ya Kidari, ambaye tayari alikuwa amejificha nyuma ya Gunda.

Hakimu Korongo akageuza shingo yake ndefu polepole. "Na wewe, Kibibi?"

Kibibi alikuwa amejiandaa kucheka. Lakini hakucheka. "Bwana Hakimu, nikiota ndoto mbaya nilikuwa naita baba, na aliyekuwa anaitika ni yeye. Sina ushahidi mwingine. Mimi ni mtoto wa Mzee Mshindo, na kazi ya baba yangu naifanya."

Akashuka kwenye kinu, akaenda mpaka ukingoni. "Babu, fungua."

Aaaa. Kinywa kikafunguka kama mlango wa ghala. Wale watatu wakafumba macho. Wakasubiri kusikia mifupa, wakasikia baraza zima linacheka. Mtutu akafumbua jicho moja. Aliona ufizi mwekundu, mtupu, mwanzo mpaka mwisho, na Kibibi anarukaruka juu ya ulimi na kitambaa chake, tip, tip, tip.

"Hana meno," akasema Kidari.

"Hana hata moja," akasema Kibibi kutoka ndani. "Yameisha siku nyingi."

"Umetudanganya. Kwa nini hukusema?"

Kibibi akatoa kichwa nje. "Mtoto wake angejua."

Gunda akaanza kueleza upya habari ya makalio, lakini watu walikuwa wanacheka hawakumsikia.

"Ada inasema mali ni ya watoto," akasema Hakimu Korongo. "Niliwauliza mmoja mmoja mbele ya baraza. Watatu wamekana, mmoja amekubali. Nyumba, konde na chemchemi ni vya Kibibi binti Mshindo. Nimemaliza."

Siku hiyo watu waliimba. Kidari na Gunda waliondoka kabla ngoma haijapata moto, gubu, gubu, gubu, na Gunda akamuaga mtu ambaye alikuwa kichuguu. Mtutu alibaki. Alikaa mbali, ameinamisha kichwa, mpaka Kibibi akamfuata na bakuli la uji.

"Kunywa, kaka."

Mtutu hakunywa. "Alikuwa akinitaja?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya nguchiro.

"Kila miwa ilipokomaa. Alikuwa akichagua bua nene, analiweka pembeni, anasema, 'Hili Mtutu angelipenda.' Tulikuwa tunalila baada ya kukungoja sana."

Kiboko mzima akalia, wanangu, tena bila haya. Kibibi hakumzuia. Alikaa juu ya guu lake mpaka akamaliza.

Kesho yake asubuhi Kibibi alikuwa anachochea moto wa uji aliposikia hodi, safari hii ya upole, nje ya mlango. Mtutu alikuwa amesimama uwanjani, na mdomoni ameshika kitambaa safi.

"Nimekuja kwa kazi ya mzee," akasema. "Nionyeshe namna ya kufanya."

"Karibu, kaka," akasema Kibibi. "Beba chungu, mimi nitabebwa na wewe." Akamrukia kichwani, akaingia sikioni mwake, na wakashuka mtoni wakipiga soga.

Anayetaka kumrithi mzazi, na amjue angali hai.